Mwenyeji Anapokuwa Mgeni: Jumapili ya Wamarekani Mjini London

Ndugu msomaji, ukijikuta London katika mwezi wa Oktoba, na Jumapili ikakukuta huna la kufanya, panda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Jubilee, uelekee kaskazini-magharibi ya mji, ushuke katika kituo cha Wembley Park. Hutahitaji kumwuliza mtu njia. Utokapo kituoni utajikuta juu ya ngazi pana, na mbele yako imenyooka barabara ya waendao kwa miguu, ambayo mwisho wake ni upinde mweupe wa chuma wenye kimo cha mita 133. Chini ya upinde huo ndipo palipo Wembley, kiwanja chenye viti 90,000, ambacho Waingereza hukihesabu kuwa ndiyo kibla cha kandanda. Lakini Jumapili hiyo hapatakuwa na kandanda.

Simama kidogo juu ya ngazi utazame mto wa watu unaoteremka. Kila mmoja amevaa jezi, na hapo ndipo mgeni anapoanza kushangaa. Siku ya mechi ya kawaida kiwanjani hapo ungeona rangi mbili, za timu hii na za timu ile, na askari polisi katikati. Leo utaziona rangi za kila aina: nyeusi na fedha za Raiders, kijani na manjano za Green Bay, nyekundu za Kansas City, buluu ya bahari ya Miami. Ligi ya futiboli ya Kimarekani ina timu 32, na wapo wanaojifanyia mchezo wa kuzihesabu jezi mpaka wazione zote. Timu zinazocheza siku hiyo ni mbili tu. Wengi wa wanaoelekea kiwanjani wamevaa rangi za timu ambazo hazipo, tena nyingine wakati huo huo ziko upande wa pili wa bahari ya Atlantiki zikijitayarisha kwa mechi zao. Hakuna anayetukanana na mwenziwe. Baba anasukuma kigari cha mtoto, na mtoto naye kavalishwa kofia ya timu ya mji ambao hajauona.

Mchezo wenyewe, kwa msomaji asiyeujua, ni huu. Timu mbili za watu kumi na mmoja kila upande hugombea mpira wenye umbo la yai katika kiwanja cha yadi 100. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa nne nyingine, wakishindwa huwaachia wenzao. Mguu hutumika mara chache sana, jambo ambalo huwafanya Waingereza wengi wakunje uso wasikiapo mchezo huo ukiitwa futiboli. Wachezaji huvaa kofia ngumu na mito ya mabegani mithili ya askari wa zama za kale, na pambano zima, pamoja na mapumziko na matangazo ya biashara, huchukua yapata saa tatu.

Yapo mambo mengi mengine katika mchezo huo, lakini moja ndilo shina la ugomvi wote ninaotaka kukusimulia. Mechi ni chache. Klabu ya ligi kuu ya Uingereza hucheza mechi 38 kwa msimu, na 19 kati ya hizo huwa nyumbani. Timu ya Marekani, tangu mwaka 2021, hucheza 17 tu, na kabla ya hapo zilikuwa 16. Za nyumbani ni nane au tisa. Kwa hiyo mechi moja ya nyumbani ikipakiwa katika ndege na kupelekwa ng'ambo, shabiki aliyelipia kiti chake kwa msimu mzima ameondolewa sehemu ya nane ya furaha yake ya mwaka.

Na furaha hiyo haianzii kiwanjani. Huko kwao familia hufika mapema asubuhi, huegesha magari katika uwanja wa maegesho, hufungua milango ya nyuma, huwasha majiko ya mkaa na kuchoma nyama. Watoto hurushiana mpira baina ya magari. Watu ambao viti vyao vimepakana kwa miaka mingi hujuana kwa majina, hupeana pole za misiba na hongera za harusi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba mechi ya wiki hii "ya nyumbani" itachezwa London, atakuuliza nyumbani kwa nani.

MJI WENYE HOFU

Mji ambao umeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko yote ni Jacksonville, katika jimbo la Florida. Ni mji wenye watu wapatao laki tisa na nusu kwa hesabu ya mwaka 2020, wenye mto mpana, bandari na kambi za wanamaji, lakini usio na sifa ya Miami wala ya Orlando. Katika ligi kubwa za michezo ya kulipwa za Marekani mji huo una timu moja tu, Jaguars, iliyoanza kucheza mwaka 1995. Mwaka 2012 timu ikanunuliwa na Shahid Khan, mzaliwa wa Lahore nchini Pakistan, aliyeingia Marekani mwaka 1967 akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akaanza kwa kuosha vyombo kwa dola moja na senti ishirini kwa saa, na baadaye akatajirika kwa kutengeneza bampa za magari. Kuanzia mwaka 2013 Jaguars ikafunga mkataba wa kucheza mechi moja ya nyumbani kila mwaka Wembley. Mwaka huo huo Khan akainunua klabu ya Fulham ya hapo hapo London. Mwaka 2018 akataka kukinunua kiwanja chenyewe cha Wembley, kisha akaliondoa ombi lake baada ya upinzani.

Sasa jiweke, ndugu msomaji, katika nafasi ya mfanyakazi wa bandari ya Jacksonville aliyekatwa fedha katika mshahara wake ili alipie kiti. Mwenye timu ana nyumba ya pili. Kila mwaka timu inakwenda huko. Februari 2020 ikatangazwa kwamba mwaka huo mechi za nyumbani zitakazochezwa London zitakuwa mbili, wiki mbili mfululizo, na mji ukazizima kwa hasira. Ugonjwa wa korona ndio uliozifuta safari hizo. Viongozi wa timu walieleza kwamba mapato ya London ndiyo yanayouwezesha mji mdogo kuendelea kuwa na timu, na kwa hesabu za biashara huenda walisema kweli. Lakini mtu aliyepakiwa virago vyake kidogo kidogo kila mwaka hawezi kulaumiwa akianza kuwa na wasiwasi kwamba siku moja gari litakuja kuchukua vilivyobaki.

Wala wasiwasi huo si ndoto. Huko Marekani timu ni mali ya mtu, naye huweza kuihamisha kama mwenye duka anavyohamisha duka lake. Usiku mmoja wa Machi 1984 malori yalifika Baltimore, yakapakia vifaa vyote vya timu ya Colts, na kulipopambazuka timu ilikuwa njiani kwenda Indianapolis, ambako ingali hadi leo. St. Louis ilipoteza timu yake mwaka 2016, San Diego mwaka 2017, zote mbili zikaenda Los Angeles. Oakland, mji wa makuli na wafanyakazi wa viwanda ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, ulifanyiwa jambo ambalo binafsi naliona ni la ukatili. Raiders ya mji huo ilikwisha kupelekwa London mwaka 2014 na 2018, na Mexico mwaka 2016 na 2017, kila mara kwa kutoa mechi ya nyumbani. Ulipofika mwaka 2019, msimu wa mwisho kabla ya timu kuhamia Las Vegas, wapenzi wake walikuwa na mechi chache zilizosalia za kuagana nayo. Na katika hizo chache, moja, dhidi ya Chicago Bears, ikachezwa London. Raiders ilishinda 24 kwa 21. Kwa mpenzi wa Oakland aliyeamua kuitazama kwa televisheni, ilianza saa nne ya asubuhi.

Mji mdogo wa Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, ulikataa kwa muda mrefu. Timu yake, Packers, ndiyo pekee katika ligi hiyo isiyo mali ya tajiri mmoja, kwani hisa zake ziko mikononi mwa maelfu ya wananchi wa kawaida. Mji una watu laki moja na kidogo, na kiwanja kina viti zaidi ya 81,000. Siku ya mechi mahoteli, mikahawa na wauza soseji hupata riziki ambayo hawaipati mwezi mzima. Packers ndiyo iliyokuwa ya mwisho kati ya timu zote 32 kwenda kucheza London, Oktoba 2022, tena baada ya msimu kurefushwa na wao kupata mechi ya tisa ya nyumbani. Wakafungwa na New York Giants 27 kwa 22. Hata hivyo sijasikia kwamba mwuza soseji wa Green Bay alilia, maana mechi zake nane alikuwa nazo.

WALE WALIOSUBIRI

Ningekuwa nimemaliza hapa kama London ingekuwa imejaa watalii na matajiri tu. Sivyo. Ukizungumza na watu walioko katika barabara ile ya Wembley utagundua kwamba wengi ni wafanyakazi wa kawaida: makondakta, walimu, mafundi wa umeme, wauguzi. Mapenzi yao yana umri. Novemba 1982 stesheni mpya ya televisheni iitwayo Channel 4 ilianza kazi, na miongoni mwa vitu vya kwanza ilivyoonyesha ni futiboli ya Kimarekani. Vijana wa Uingereza waliokaa mbele ya televisheni siku za Jumapili wakajichagulia timu, mmoja kwa sababu ya rangi, mwingine kwa sababu ya mchezaji fulani, mwingine bila sababu yoyote. Agosti 1986 Chicago Bears na Dallas Cowboys zilipokuja Wembley kwa mechi ya kirafiki, kiwanja kilijaa. Mwaka 1991 ikaundwa ligi ya majaribio yenye timu za Ulaya, na London Monarchs ikatwaa ubingwa hapo hapo Wembley. Lakini timu hiyo ilikufa kabla ya miaka kumi kutimia, na ligi yenyewe, baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa, ikafungwa mwaka 2007.

Mwaka huo huo, tarehe 28 Oktoba, Giants na Miami Dolphins zikacheza Wembley mechi ya ligi, ya kwanza yenye pointi kupata kuchezwa Ulaya. Mvua ilinyesha, kiwanja kikageuka tope, Giants ikashinda 13 kwa 10, na waliokuwepo zaidi ya 81,000 hawakuondoka. Kijana wa mwaka 1982 sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Alikuwa amesubiri miaka ishirini na mitano. Nani atamwambia kwamba hastahili?

Na bado furaha yake ina mchanga ndani yake. Kwanza kiingilio ni ghali, na atokaye Scotland au Wales hulipa nauli na malazi juu yake. Pili, kwa miaka mingi waliletewa Jaguars ilipokuwa dhaifu, hata wakasema kwa mzaha kwamba wao ni jalala la ligi. Tatu, na hili ndilo lililonishangaza zaidi, wengi wao hawataki kabisa kupewa timu ya kudumu. Mwenye ligi anapopiga mahesabu ya kuiweka timu London, hufikiri kwamba Waingereza wataimba kwa shukrani. Lakini aliyekwisha kuipenda Dolphins kwa miaka arobaini hawezi kuiacha kwa kuwa kuna timu nyingine iliyoletwa karibu na mlango wake. Mapenzi ya mbali nayo ni mapenzi.

Wapenzi wa kandanda wa Kiingereza nao wana lao. Wiki tatu na siku chache baada ya lile tope la mwaka 2007, timu ya taifa ya Uingereza ilicheza na Croatia katika kiwanja hicho hicho ikihitaji sare tu ili iende fainali za Ulaya. Nyasi zilikuwa zimechakaa. Uingereza ikafungwa 3 kwa 2 na kubaki nyumbani. Croatia walicheza katika nyasi zile zile, kwa hiyo mimi siwezi kuwatupia Wamarekani lawama yote; lakini Mwingereza aliyetoka kiwanjani usiku ule katika mvua hakuwa tayari kusikia hoja hiyo.

Somo la nyasi lilieleweka upande mwingine wa mji. Ukitoka Wembley uende Tottenham, utakuta katikati ya maduka ya Waturuki na vinyozi wa Kiafrika kiwanja kilichofunguliwa Aprili 2019, kikiwa na vitu viwili ndani yake. Juu ni nyasi za asili kwa ajili ya kandanda. Wamarekani wakija, nyasi hizo hugawanyika vipande vitatu, huteleza juu ya reli na kuingia chini ya jukwaa la kusini kwa muda wa dakika 25 hivi, na chini yake huonekana nyasi bandia zenye mistari ya yadi. Ni ufundi wa kustaajabisha. Ni ufundi pia unaoonyesha kwamba wageni hawa hawaji kupita.

SISI TUKO UPANDE GANI?

Msomaji wa Kariakoo au Mwanjelwa atasema haya ni ya Wazungu. Ngoja kidogo. Mwaka 2008 wakuu wa ligi kuu ya Uingereza walipendekeza kuongeza mechi ya 39 katika msimu, ichezwe katika miji ya ng'ambo. Mashabiki wa Uingereza wakawaka moto, na mpango ukazikwa. Walioupinga hawakuwa na tofauti na watu wa Jacksonville, ingawa wapo waliokwenda Wembley kuwatazama Giants miezi michache tu kabla. Oktoba 2025 ikawa zamu ya Wahispania: ligi yao ilitaka Villarreal na Barcelona zicheze Miami, wachezaji wa ligi nzima wakasimama bila kugusa mpira kwa sekunde 15 mwanzoni mwa mechi zao, na siku chache baadaye safari ikafutwa.

Sasa fikiri kwamba ile mechi ya 39 ingeletwa Dar es Salaam. Arsenal na Manchester United, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nani kati yetu angekaa kitako kuuliza kama wakazi wa Manchester wameridhika? Tungelala kiwanjani. Sisi ni ndugu wa wale wenye jezi za kila rangi pale Wembley Park; tumependa kwa mbali, kwa televisheni na redio, na tumelipa kwa sauti zetu na fedha zetu bila kuuona mji wa timu zetu.

Lakini pia tumekuwa Jacksonville. Mei 2025 fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco ilihamishwa kutoka Mkapa kupelekwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya kiwanja. Ni nchi yetu hiyo hiyo, na Zanzibar ilipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo mpenzi wa Simba wa Temeke aliyekuwa akiihesabu siku hiyo alijikuta anatafuta nauli ya boti. Mechi ikaisha sare ya 1 kwa 1 na kombe likaenda Berkane. Wapo ambao mpaka leo huamini kwamba kiwanja kingekuwa ni kile, matokeo yangekuwa mengine. Hisia hiyo haithibitiki kwa hesabu, na haifutiki.

Kwa upande wa Wamarekani safari zinazidi. Munich iliingia mwaka 2022, Frankfurt mwaka 2023, São Paulo mwaka 2024. Mwaka 2025 mechi za ng'ambo zilikuwa saba: tatu London, na moja moja São Paulo, Dublin, Berlin na Madrid. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba Melbourne, Australia, itafuata mwaka 2026. Mkuu wa ligi, Roger Goodell, amekwisha kusema hadharani kwamba lengo lake ni mechi 16 kwa mwaka, ambazo zingetosha kila timu icheze nje mara moja kila msimu. Hapo angalau maumivu yatagawanywa sawa, hayatabebwa na miji dhaifu peke yake. Hilo mimi naliona ni afadhali, ingawa najua Green Bay hawatanishukuru.

Wanaopokea nao si kila mara hupokea. Novemba 2018 Mexico ilikuwa imejiandaa kuwapokea Rams na Chiefs, timu mbili bora za msimu huo. Huko ndiko mechi ya kwanza ya ligi nje ya Marekani ilikochezwa, mwaka 2005, mbele ya watu zaidi ya 103,000. Siku sita kabla ya pambano nyasi za Azteca zikakaguliwa, zikaonekana hazifai, na mechi ikarudishwa Los Angeles. Ikawa 54 kwa 51, mojawapo ya mechi zilizofungwa pointi nyingi kuliko zote katika historia ya ligi hiyo. Wamexico waliokwisha kulipa tiketi waliitazama kwa televisheni, kama walivyozoea.

Jacksonville, kwa sasa, imetulizwa. Juni 2024 halmashauri ya mji ilipitisha mpango wa kukijenga upya kiwanja kwa dola bilioni 1.4, ambapo mji wenyewe unachangia dola milioni 775, fedha za walipa kodi. Kiwanja kipya kimepangwa kufunguliwa mwaka 2028. Mwaka 2027, mafundi watakapokuwa kazini, Jaguars imepangiwa kucheza mechi zake za nyumbani Orlando, kiasi cha kilomita 225 kusini. Kwa gari ni mwendo wa saa mbili na zaidi kidogo, na majiko ya mkaa yanaweza kupakiwa nyuma.